LOUIS LEAKEY: MTU WA MAFUVU NA MAWE

Safari hii Chama cha Kiswahili kinawaletea maisha ya Louis Leakey. Najua wengine mtaguna. Leakey tunamjua, mtasema, si ni yule wa Zinjanthropus tunayemkariri usiku tukingojea mtihani wa Historia? Haya. Lakini mwulize mwenzako ni kwa nini fuvu lile la Olduvai liliitingisha dunia. Atakupa mwaka, atakupa na mahali, kisha atanyamaza.

Jambo lililomsumbua Leakey maisha yake yote ni swali ambalo hata sisi hulitupiana darasani kwa mzaha. Mtu akishindwa na hesabu huambiwa ana kichwa kikubwa cha bure. Je, ukubwa wa kichwa na wingi wa ubongo ndio akili? Na kama sivyo, akili ya mtu aliyekufa miaka milioni iliyopita utaijuaje? Wazee walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wataalamu hawakuridhika na jibu hilo. Walitaka kupima.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Harry, na mama yake, Mary Bazett, walikuwa wamisionari wa Kianglikana. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, kachanga ka kuhurumiwa, akachungwa sana mpaka akapata nguvu. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama aliyenyonya nayo. Alipofika umri wa kubaleghe aliingizwa katika rika la vijana wenzake, akaitwa Wakaruigi, akajijengea kibanda chake mwenyewe nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Mmoja wa vijana aliokua nao, Heselon Mukiri, alikuja kuwa mkono wake wa kulia katika kazi ya kuchimbua kwa miaka mingi. Vitabu vyetu vya shule humsahau Mukiri. Mimi nimeona si vizuri kumsahau.

Akiwa mvulana alipewa zawadi ya kitabu kutoka Uingereza kilichoeleza maisha ya watu wa Enzi za Mawe. Kitabu kilitaja visu vya mawe. Basi Louis akaanza kuzunguka Kabete akitazama kila mahali barabara ilipochimbwa na udongo kuachwa wazi. Aliokota vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Wenyeji walivijua, waliviita nyembe za mizimu. Nyumbani watu wazima walimcheka kidogo, lakini alivipeleka kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa akisimamia makavazi madogo ya Nairobi wakati huo. Loveridge alivitazama akamwambia kwamba baadhi yake ni vifaa halisi vilivyochongwa na watu wa kale. Kijana alirudi nyumbani akiwa ameshaamua atafanya kazi gani duniani.

Jiwe lenyewe sisi wa Ndabibi hatuhitaji kuelezwa. Ni lile jiwe la kioo linalotokana na volkano, obsidiani kwa jina la kitaalamu, ambalo ukienda upande wa Eburru unalikanyaga. Kabete halichimbuki. Volkano zilizolitema ziko huku kwetu Bonde la Ufa. Kwa hiyo vile vipande vya Kabete vililetwa na watu, kwa miguu, toka upande huu. Mtu aliyetembea mwendo wote huo kwa ajili ya jiwe alikuwa na mpango kichwani, si hivi hivi tu.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia familia ilimpeleka Uingereza kusoma. Shule ya bweni ilimtesa. Kijana aliyezoea kuishi katika kibanda chake aliambiwa saa ya kulala na saa ya kuomba ruhusa. Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na hapo akafanya kituko kinachosimuliwa hadi leo. Chuo kilitaka lugha mbili za kisasa. Yeye akaandikisha Kifaransa na Kikikuyu! Sheria hazikukataza, wakubwa wakakubali shingo upande, na mwalimu aliyepangiwa kumfundisha alikijua Kikikuyu kidogo kuliko mwanafunzi wake.

Mwaka 1923 likampata jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililogeuza maisha yake. Akicheza raga alipigwa teke la kichwa. Akapumzika kidogo, akarudi uwanjani, akaumia tena. Baadaye maumivu ya kichwa yakaanza, na kumbukumbu yake ambayo ilikuwa kali ikawa inamtoroka akikaa kusoma. Kifafa nacho kilikuja kumwandama. Hebu fikiria: mtu ambaye atatumia umri wake wote kuuliza ubongo hufanya nini, ameonyeshwa na ubongo wake mwenyewe. Fuvu halikupungua hata sentimita moja. Uzito wa ubongo ulikuwa uleule. Lakini kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ilivurugika kwa muda, na mwanafunzi hodari akawa hawezi kushika ukurasa mmoja.

Daktari alimwamuru aache masomo kwa mwaka mzima na akae mahali penye hewa. Kumbe jumba la makavazi la Uingereza lilikuwa likitafuta mtu anayeijua Afrika wa kwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kusini mwa Tanganyika, kuchimbua mifupa ya dinosaria. Mwaka 1924 Leakey akaenda na mkuu wa msafara, William Cutler kutoka Kanada. Huko alijifunza jinsi ya kuutoa mfupa mwamba bila kuuvunja, jinsi ya kuufunga kwa plasta, jinsi ya kuendesha kambi. Aliporudi Cambridge kichwa kilikuwa kimetulia, na mwaka 1926 alimaliza shahada kwa alama za juu kabisa.

Mwaka uleule akaja kwetu. Ndiyo, kwetu. Kabla ya Olduvai kumpa jina, Leakey aliyatafuta mafuvu katika maeneo haya ya Nakuru na Naivasha. Alichimbua makaburi ya kale karibu na Nakuru mwaka 1926. Kisha akahamia Elmenteita, katika pango lililojulikana kwa jina la mlowezi mwenye shamba, Gamble. Pango la Gamble lilikuwa na tabaka juu ya tabaka la takataka za wakazi wa kale: majivu, mifupa, na maelfu ya vipande vya obsidiani vilivyochongwa vikawa wembe, sindano na vichwa vya mishale. Utamaduni ule Leakey aliupa jina la kuazima kutoka Afrika Kaskazini, akidhani umetokea huko. Wataalamu waliokuja baadaye walilitupa jina hilo wakauita Eburran, kutokana na mlima wetu wa Eburru. Nadhani mlima huo ulistahili heshima hiyo tangu mwanzo.

Mwaka 1928 wenzake katika msafara walipata Kariandusi, pale chini ya barabara ya kwenda Nakuru, mahali palipotapakaa mashoka ya mkono ya takriban miaka milioni moja. Mengine ni ya obsidiani. Shoka la mkono si jiwe lililovunjwa tu. Limechongwa pande zote mbili, lina ncha, upande wa kulia unafanana na wa kushoto. Aliyelichonga alikuwa na umbo kichwani kabla ya kulishika jiwe. Leakey alilielewa jambo hilo kwa mikono, maana alijifundisha kuchonga mawe mwenyewe. Alikuwa akiwashangaza wageni kwa kuchuna mnyama mzima kwa jiwe alilolichonga mbele yao muda mfupi kabla.

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai, Tanganyika, pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amepachimba mwaka 1913. Reck alishikilia kwamba pale hakuna zana za mawe. Leakey akaweka naye dau la pauni 10 kwamba atapata zana katika muda wa saa 24. Alfajiri aliondoka kambini, na kabla jua halijapanda sana akarudi na shoka la mkono. Reck alikuwa ametafuta mawe ya aina ya Ulaya. Leakey alikuwa amezoea mawe ya Afrika.

Hebu sasa tumwache kidogo twende Nairobi, kwa sababu miaka hiyohiyo kulikuwa na wengine waliokuwa wakipima vichwa, na hao hawakutafuta watu wa kale. Walitutafuta sisi. Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na mwenzake F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali, walikuwa na hoja kwamba Mwafrika ana ubongo mdogo na duni. Mwaka 1933 kikaundwa chama Nairobi cha kuchunguza eti uboreshaji wa jamii za watu. Mwaka 1934 Vint akachapisha matokeo ya kupima ubongo wa maiti 100 za wanaume wa Kenya. Alisema wastani wa uzito ni gramu 1,276, kwamba ni pungufu kuliko wa Mzungu, na kwamba gamba la nje la ubongo ni jembamba zaidi. Halikuwa jambo la maabara tu. Madai hayo yaliingizwa katika mjadala wa kama kuna faida ya kumsomesha mtoto wa Kiafrika. Yaani, wenzangu, madawati haya tunayokalia yalikuwa yakijadiliwa kwenye mizani ya maiti.

Waliomba fedha za serikali ya Uingereza ili uchunguzi upanuliwe. Hawakupewa, na harakati zao zikafifia. Lakini inafaa tujue walikosea wapi, maana kusema tu kwamba walikuwa wakoloni wabaya si jibu la mwanafunzi. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na hubadilika kwa chakula, kwa maradhi yaliyomwua mtu, kwa muda uliopita tangu afe, na kwa dawa ulimohifadhiwa. Maiti za Vint zilikuwa za maskini waliofia hospitalini na penginepo, na alizilinganisha na vipimo vya Ulaya vilivyochukuliwa na watu wengine kwa njia nyingine. Hiyo si haki hata katika kupima viazi. Tena kuna kichekesho kimoja kikubwa. Albert Einstein alipofariki mwaka 1955 ubongo wake ulitolewa ukapimwa. Ulikuwa gramu 1,230. Kumbe mwanafizikia mkuu wa karne nzima alikuwa chini ya wastani wa Wakenya wa Vint!

Je, ukubwa hauna maana kabisa? Unayo, ila ndogo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya uchunguzi 88 wa watu walio hai, zaidi ya watu 8,000, ukilinganisha ukubwa wa ubongo na alama za majaribio ya akili. Uhusiano ulikuwepo, lakini kati ya tofauti zote za alama baina ya mtu na mtu, ukubwa ulieleza kama asilimia 6 tu. Zilizobaki ziko kwingine: jinsi seli za neva, ambazo hukadiriwa kuwa bilioni 86, zilivyounganishwa, jinsi sehemu zinavyopelekeana habari, na mtu mwenyewe amelishwa nini, amefundishwa nini, amefanya mazoezi gani.

Leakey naye hakuwa malaika katika mambo ya vichwa. Mwaka 1935 alitoa kitabu kuhusu watu wa Enzi za Mawe wa Kenya, na kwa kupima mafuvu ya Elmenteita na Nakuru akaamua kwamba watu wale hawakuwa Waafrika weusi. Alifuata mtindo wa siku zake: kila fuvu refu lenye uso mwembamba lilipewa asili ya mbali. Mwaka 1975, Leakey akiwa kaburini, mtaalamu G. P. Rightmire aliyapima upya mafuvu ya Bonde la Ufa kwa njia bora zaidi akaonyesha kwamba yanafanana na ya Waafrika. Kwa hiyo hata mtu aliyezaliwa Kabete na kuota ndoto kwa Kikikuyu alikuja Elmenteita akaona wageni mahali pasipo na wageni. Rula peke yake humwonyesha mtu anachokitaka.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Mwaka 1935 Profesa Percy Boswell alikuja kuona mahali Leakey alipopata taya la Kanam, karibu na Ziwa Victoria, na Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa. Sifa yake ikachafuka. Akamwacha mkewe Frida, akamwoa Mary Nicol mwaka 1936, na Cambridge ikamgeuzia kisogo. Hata hivyo Mary alikuwa mchimbuzi makini kuliko yeye; ndiye aliyechimbua Hyrax Hill pale Nakuru mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1945 Leakey akawa msimamizi wa Makavazi ya Coryndon mjini Nairobi. Wakati wa hali ya hatari alisimama upande wa serikali, akaandika vitabu dhidi ya Mau Mau, akawa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria mpaka mawakili wa utetezi walipompinga akaondoka. Wazee wengi hawakumsamehe, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa vile tu tunamsifu kwa mengine.

Tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, Louis alikuwa amelala hemani na homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake. Kwenye mteremko akaona mfupa umechomoza, kisha meno mawili makubwa. Alirudi kambini mbio na Land Rover akipiga kelele kwamba amempata. Mgonjwa akaruka kitandani. Walipoliunganisha fuvu, magego yalikuwa makubwa kupita kiasi, taya la kusagia njugu, na juu ya kichwa kulikuwa na ukingo wa mfupa wa kushikilia misuli ya kutafuna. Louis akaliita Zinjanthropus. Kwa kuwa zana za mawe zilikuwa zimelala karibu, akatangaza kwamba huyu ndiye aliyezichonga. Mwaka 1961 wataalamu wakasema lina umri wa miaka milioni 1.75, na dunia ikapigwa na bumbuwazi.

Lakini palikuwa na kitu kilichomkwaza. Ndani ya fuvu lile nafasi ya ubongo ilikuwa kama sentimita 530 za ujazo. Sisi wa leo tuna wastani wa kama 1,350. Mtaalamu mkubwa wa Uingereza, Sir Arthur Keith, alikuwa ameweka mpaka: chini ya 750 si mtu. Zinjanthropus alikuwa chini ya mpaka huo, tena mbali.

Mwaka 1960 mwanawe Jonathan akapata, si mbali na pale, mifupa ya kiumbe mwingine wa umri ule ule: taya, vipande vya paa la fuvu, na mifupa ya mkono. Meno yake yalikuwa madogo. Fuvu lilikuwa jembamba na limebeba ubongo mkubwa kidogo, kama 680. Mkono, kwa uchunguzi wa Daktari John Napier, ungeweza kushika jiwe sawasawa. Leakey, ambaye miezi michache kabla aliapa kwamba Zinjanthropus ndiye fundi, akageuka bila haya akampokonya zile zana akampa huyu mpya. Mtu wa kawaida angeona aibu. Yeye hakujali.

Phillip Tobias wa Afrika Kusini, aliyepewa kazi ya kuchunguza mafuvu, alisitasita sana. Ubongo ni mdogo mno, alihofia, kuitwa wa mtu. Mwaka 1964 hatimaye watatu hao, Leakey, Tobias na Napier, walimpa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi wa mikono, jina walilopendekezewa na Raymond Dart. Ili kumpitisha mlangoni walilazimika kuushusha mpaka wa Keith kutoka 750 hadi 600. Wataalamu wakawajia juu. Eti mnasogeza goli ili mpira uingie!

Mimi naona hapa ndipo Leakey alipokuwa mkubwa. Hakusema tu kwamba namba ya Keith ni kubwa. Alisema namba peke yake haitoshi: utazame ubongo, na mkono, na kazi iliyofanywa na mkono, vyote pamoja. Fuvu ni nyumba. Ili ujue mwenye nyumba alikuwa na akili gani, lazima utoke nje uone shamba lake.

Hata hiyo nyumba ina mengi ya kusema zaidi ya ukubwa. Ubongo huoza, lakini ukiwa hai husukuma mfupa kwa ndani na kuacha alama za mikunjo na mishipa yake. Mtaalamu humimina plasta au mpira ndani ya fuvu akapata sanamu ya ubongo uliooza zamani. Tobias aliona katika Homo habilis uvimbe upande wa mbele kushoto, mahali ambapo kwetu husaidia usemi. Mjadala haujaisha, uchunguzi uliochapishwa 2021 unasema umbo la kibinadamu la sehemu ya mbele lilikuja baadaye, kati ya miaka milioni 1.7 na 1.5 iliyopita.

Alama za plasta huonyesha umbo, hazionyeshi shughuli. Hapo Dietrich Stout wa Marekani na wenzake walifanya jambo ambalo Leakey angelipenda mno. Katika miaka ya 2000 waliwapa watu mawe wayachonge kwa mtindo wa Olduvai na kwa mtindo wa mashoka kama ya Kariandusi. Wachongaji walitiwa mwilini sukari yenye alama hafifu ya mnururisho, kisha mashine ikaonyesha ni sehemu gani za ubongo zilizoila sukari hiyo kwa wingi wakati wa kazi. Kwa mawe sahili ya Olduvai ziliwaka sehemu za kuona umbali na kuongoza mikono. Kwa shoka la mkono iliongezeka sehemu ya mbele upande wa kulia, ile inayosaidia kupanga hatua moja ndani ya nyingine. Mwaka 2015 kundi hilo likatoa jambo jingine: watu waliofundishwa kuchonga kwa muda mrefu walibadilika njia za neva zinazounganisha sehemu hizo. Kazi iliujenga upya ubongo uliokuwa ukiifanya. Ukubwa wa kichwa, bila shaka, ulibaki vilevile.

Leakey hakupatia kila kitu. Mwaka 2015 zilitangazwa zana za Lomekwi, magharibi mwa Turkana, zenye miaka milioni 3.3, za kale kuliko Homo habilis yeyote tunayemjua. Na mwaka 2023 huko Nyayanga, rasi ya Homa, si mbali na Kanam iliyomtia aibu, yalitangazwa meno ya jamii ya Zinjanthropus yaliyopatikana pamoja na zana za mawe. Huenda yule mwenye taya la kusagia njugu alinyang'anywa zana zake kwa haraka mno.

Hata mpaka baina ya mtu na mnyama Leakey mwenyewe aliutikisa. Mwaka 1960 alimpeleka Jane Goodall, msichana asiye na shahada, kuishi na sokwe wa Gombe, Tanganyika. Kabla mwaka haujaisha Goodall alimwona sokwe akichukua kijiti, anakitoa majani, anakiingiza kwenye kichuguu kuvua mchwa. Ubongo wa sokwe ni kama 400. Leakey alipopata habari alifurahi kama mtoto, ingawa habari yenyewe ilibomoa yale aliyoyafundisha juu ya mtu kuwa ndiye pekee mwenye zana.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi: nyonga, moyo. Mwaka 1971 nyuki walimshambulia kwa mamia, akaanguka akaumia kichwa, na kwa muda upande wa kulia wa mwili ukalegea na kumbukumbu ikamtoka, kama ilivyomtoka Cambridge miaka karibu 50 nyuma. Akajilazimisha kurudi kazini, akaendelea kusafiri na kuomba fedha za uchunguzi.

Na mwanawe Richard walikuwa hawaelewani. Richard alikuwa akichimbua Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, na mwaka 1972 mmoja wa wachimbuzi wake, Bernard Ngeneo, aliona vipande vya fuvu vimetawanyika kwenye korongo. Vilipounganishwa likatokea fuvu lililopewa namba 1470, lenye nafasi ya ubongo ya kama sentimita 750 za ujazo, la kale kama watu wa Olduvai. Mwishoni mwa Septemba Richard alimletea baba yake fuvu lile Nairobi. Mzee alilishika mikononi akaligeuza huku na huku, na ugomvi wa miaka ukawekwa kando jioni hiyo. Siku chache baadaye aliruka kwenda Uingereza. Moyo ulisimama London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 69. Mwili ulirudishwa Kenya ukazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.